Maswali Tuliyoyachoma Jikoni

Rubondo, Kambi ya Nakivale, Uganda
Jumamosi mchana

Baba yangu mpendwa, Mwalimu,

Bwana asifiwe. Kabla hujaendelea kusoma, naomba uweke kalamu nyekundu chini, mbali na mkono wako wa kulia. Barua yangu iliyopita ilinirudia kwa mkono wa Mama Esta, yule mfanyabiashara wa vitenge anayetubebea barua, ikiwa na alama saba juu ya kumi na maneno haya pembeni: "Habari nzuri, haraka nyingi." Byamungu alicheka mpaka akakaa chini. Nikamwambia, wewe cheka tu, baba mkwe wako hajawahi kukupa hata sita.

Uko salama, Baba? Masikio yanaendeleaje? Mama Esta anasema dada Riziki anayekupikia siku hizi inabidi akuguse bega ndipo ujue chakula kiko tayari, na kwamba simu tuliyokutumia umeiweka juu ya kabati na kuifunika kitambaa. Sikulaumu. Sauti yenyewe huisikii, na meseji unasema zimeandikwa na watu wasiojua nukta. Basi nitaendelea kukuandikia kwa mkono, kwa Kiswahili ulichonifundisha, ingawa hapa ninapoketi nasikia Kiswahili cha kila namna na wakati mwingine sijui tena kipi ni changu. Goti je? Bado linakutabiria mvua?

Sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu. Mahindi yamesimama vizuri, maharage tumekwisha kuyang'oa, na mwaka huu hayakuliwa na wadudu. Mjukuu wako Tabita ameng'oka meno mawili ya mbele na amekataa kuimba kanisani mpaka yaote. Byamungu anaendesha boda yake kati ya huku Rubondo na Base Camp penye ofisi za kambi, na Kiingereza chake kimekua kwa sababu ya abiria wa mashirika, japo anakiongea kwa sauti ya kuita abiria hata akiwa ndani ya nyumba. Mimi bado natunza intaneti ya kituo cha vijana pale Kashojwa. Kazi yangu ni kuangalia ule mlingoti wenye antena, betri za sola, waya, na kile kisanduku chenye taa ndogo kinachogawa mtandao kwa kompyuta za wanafunzi. Wiki mbili zilizopita mtandao ulikatika asubuhi nzima. Nikapima huku, nikapima kule, nikapanda mlingoti, nikashuka. Kumbe mbuzi wa jirani alikuwa nyuma ya ukuta anatafuna waya, tena anautafuna bila haraka. Mwenye mbuzi alikuja kuniuliza kama waya ule una sumu.

Utaona, Baba, kwamba nimeanza na habari nyepesi. Ni kanuni yako. Darasani ulikuwa unatembea kati ya madawati, mikono mgongoni, unasema: "Rahisi kwanza. Swali gumu lipe mgongo, utalirudia." Ulitusomesha hivyo kwa mtihani wa taifa, watoto wa kijiji kizima, na tulifaulu. Basi nimeupa mgongo ukurasa mzima, na sasa narudi kwenye lile gumu.

Nilikudanganya.

Mwezi wa mavuno nilikuandikia kwamba mtihani wangu wa mitandao ya kompyuta umeahirishwa kwa sababu ya umeme wa Mbarara. Umeme ulikuwepo. Mtihani niliufanya, na nilianguka. Sikukuambia kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua, ni ahadi yako. Uliniandikia kwa mkono wako, na barua ile ninayo ndani ya Biblia: "Nitakuja kwenu siku mmoja wenu atakapokuwa na kazi ya cheti. Sitatoka nyumbani kwangu nikaenda kupanga foleni ya posho." Nikaona nikikuambia nimeanguka, utajiketia zako hapo Baraka, kwetu Kongo, na kusema, "Basi, Mungu hajapenda." Wewe ni mwepesi sana wa kumsingizia Mungu ukiwa hutaki kusafiri.

Sababu ya pili ndiyo iliyonifunga mdomo. Nilianguka kwa kanuni yako.

Nikueleze jinsi ilivyokuwa. Mtihani huu haufanywi kwa karatasi. Unaketi mbele ya kompyuta, katika chumba cha chuo kimoja pale Mbarara, na maswali yanakuja moja moja kwenye kioo, kwa Kiingereza. Mwanzoni kuna kurasa za maelezo. Nilizipita mbio, kwa sababu Kiingereza changu ni cha kubebana nacho polepole na saa ilikuwa inahesabu. Swali la kwanza nikajibu. La pili nikajibu. La tatu lilikuwa refu na baya, nikalipa mgongo kama ulivyotufundisha. Mashine ikaniuliza kwa adabu: hujachagua jibu, una hakika unataka kuendelea? Nikaona, mashine yenye malezi hii. Nikabonyeza ndiyo. Iliniuliza hivyo mara kumi na moja, Baba, na mara kumi na moja nilijibu ndiyo, moyo wangu umetulia, najihesabia: haya kumi na moja nitayarudia na muda ninao. Nikafika swali la mwisho, nikalijibu, nikabonyeza, nikasubiri inirudishe nyuma. Ikaandika: asante kwa kufanya mtihani.

Kumbe mtihani ule hauna kurudi nyuma. Swali ukiliacha, umeliacha moja kwa moja. Ilikuwa imeandikwa katika zile kurasa nilizozipita.

Niliketi pale mpaka msimamizi akaja kunigusa. Nilikuwa nimekosa alama chache sana, ambazo maswali manne tu kati ya yale kumi na moja yangezitosheleza, na mengine kati ya yale nilikuwa nayajua. Nililia barabarani bila aibu. Sikuwa na hasira na wewe, nataka hilo ulijue. Nilikuwa na hasira kwamba nitakuambiaje. Mtu amefundisha miaka yake yote neno moja, na neno hilo ndilo limemwangusha mtoto wake; nikaona ni heri nilaumu umeme.

Sasa utasema, mbona unaniambia leo? Kwa sababu Jumatatu narudia mtihani, na mchungaji alihubiri juu ya kwenda madhabahuni huku una jambo na ndugu yako. Nikaona si vizuri kuingia chumba kile nikiwa na uongo kwa baba yangu. Tena nimechoka nao.

Ada ya mtihani safari hii sikupewa na mradi wa kituo cha vijana kama ya kwanza. Niliifanyia kazi kwa Hajji Twaha. Huyu ni mfanyabiashara wa Mbarara, mwenye duka la vifaa vya kompyuta karibu na msikiti, na ndiye anayefunga intaneti kwenye maduka na mahoteli mengi pale. Siku ya kwanza nilienda kununua vichwa vya waya, nikamkuta kijana wake anafunga kebo vibaya, nikashindwa kunyamaza. Hajji akaniangalia nikiifunga upya. Tangu siku hiyo ananiita kazi zikizidi. Nimemvutia kebo darini, chini ya sakafu, hata ndani ya stoo ya mchele. Ni mtu mkali lakini hadhulumu, na mke wake hunipa chai kabla ya kuniuliza jambo lolote. Nilipomwomba kazi ya kudumu alitikisa kichwa.

"Nyabo," akasema, kwa kuwa hivyo ndivyo wanavyomwita mwanamke kwa heshima huku, "mikono yako mzuri sana. Lakini hawa watu ya ofisi nauliza karatasi. Wewe naleta cheti, mimi napa kazi ya kila mwezi. Nangojea mpaka mahindi naisha. Baadaye mimi natafuta mtu mwingine."

Na mahindi, kama nilivyokuambia, yamesimama vizuri. Yameanza kukauka.

Basi nikarudi nyumbani nikiwa na kazi mbili. Moja ni kusoma. Nyingine, ngumu kuliko ya kwanza, ni kuuachisha mkono wangu tabia ya kuruka swali. Usifikiri ni rahisi. Nilijaribu peke yangu nikashindwa: jicho likiona swali refu, kidole kinageuza ukurasa chenyewe. Ndipo Byamungu akaleta dawa yake. Alininunulia daftari, nikanakili ndani yake maswali ya mazoezi kutoka kituoni, akayakata vipande, swali moja kipande kimoja, akavitia ndani ya kopo la maziwa. Kila jioni nikiwa nakoroga ugali, yeye anaketi kwenye kigoda upande wa pili wa jiko, anachomoa kipande, anasoma kwa Kiingereza chake cha boda. Nikijibu, nisipojibu, kipande kinaingia motoni.

"Ulijibu?"

"Ngoja kwanza, niifikirie."

"Hakuna kungoja. Mashini haina huruma, na miye sina. Moja, mbili, tatu. Inaenda mu moto."

"Byamungu! Hiyo niliijua!"

"Ile swali ilishakufa, bibi yangu. Njo hii ingine."

Wiki ya kwanza tuligombana kila siku. Nilimnyang'anya kipande kimoja kutoka kwenye moto nikaungua kidole, na alikataa kunihurumia. Ugali uliungua pia, mara tatu, na Tabita akatangaza kwa majirani kwamba mama anapika karatasi. Lakini wiki ya pili nikaanza kuona mabadiliko. Nikisikia swali gumu sikulikimbia tena. Nililitazama usoni, nikachukua jibu lililo karibu na ukweli, nikaliacha liende. Sikutazama hata moto. Mwishoni mwa kopo Byamungu mwenyewe alikuwa amejua majibu, na nasikia anawafundisha wenzake pale stendi.

Jambo la pili lililonisumbua ni hesabu ya kugawa anwani. Usichoke, Mwalimu, hili utalipenda. Kila kompyuta kwenye mtandao ina anwani yake ya namba, na anwani hizo zinatolewa kwa mafungu. Kazi ya fundi ni kukata fungu kubwa kuwa madogo, kila ofisi na lake, bila kupoteza na bila kugonganisha. Hesabu yenyewe inafanywa kwa nafasi nane, na kila nafasi ni mara mbili ya ile iliyo kulia kwake: moja, mbili, nne, nane, hadi mia moja ishirini na nane. Kwenye kitabu sikuielewa hata chembe. Siku moja nikiwa nachambua maharage nikapanga manane kwenye ungo, mstari mmoja, nikaanza kuyasogeza. Harage likisogea juu linahesabiwa, likisogea chini halihesabiwi. Baba, nilipiga kelele. Tangu siku hiyo natembea na maharage manane mfukoni, yale mekundu makubwa, na popote nilipo nayapanga nahesabu.

Lakini bado kuna kitu kilikuwa kinanikosesha. Katika kila fungu, anwani ya kwanza na ya mwisho hazipewi kompyuta yoyote. Nilikuwa nasahau kuzitoa. Jirani yetu Mama Nyota, rais wa kwaya ya akina mama, alikuwa ameketi pale ananyonyoa kuku, akanisikia nikijitukana. Yeye shule alisoma miaka miwili tu. Akaniuliza shida ni nini, nikamweleza.

"Sasa hii ni shida gani?" akasema. "Shamba yote iko vile. Mustari wa kwanza ni njia ya batu. Mustari wa mwisho ni mupaka na jirani. Unapandaka maharagi kati-kati. Ukipanda juu ya mupaka, mutagombana mpaka kwa polisi."

Sijasahau tena. Nikiona fungu lolote la anwani nauona mpaka wa Mama Nyota, na kweli mwaka jana aligombana mpaka polisi, ndiyo maana anajua.

Ndiye pia aliyetaka kwaya nzima ifunge kwa ajili yangu siku tatu, Ijumaa mpaka Jumapili. Nikakubali kwa shingo upande, kwa sababu mimi nikiwa na njaa hata jina langu nalisahau. Nikamwambia hivyo. Akaniangalia kama mtu mjinga.

"Nani alikuambia weye ufunge? Siye tutafunga, weye utakula. Mungu anajua tumbo gani iko inafunga juu ya nani."

Basi jana na leo wananipitia mmoja mmoja na sahani zilizofunikwa: ndizi, sombe ya majani ya muhogo, visamaki vya sambaza vya kukaanga. Wananiwekea mezani, wananiangalia nikila huku wao wana njaa, halafu wanaomba wanaondoka. Nimekula kwa niaba ya akina mama kumi na wanne. Sketi ya kuvaa Jumatatu inanibana.

Naiacha barua hapa, Baba. Sitaipeleka kwa Mama Esta mpaka niwe na la kuongeza, liwe zuri au liwe baya. Safari hii nitakuandikia lililo kweli.

Jumatano, Mbarara

Baba,

Naendelea. Ukiona mwandiko umebadilika, ni kwa sababu naandikia juu ya boksi la kebo dukani kwa Hajji, na huyu mtu haishi kuniambia nimpishe.

Jumatatu tulitoka alfajiri, mimi na Mama Nyota. Kwaya walimtuma anisindikize. Walisema mgonjwa hapelekwi hospitali peke yake na bibi harusi haendi peke yake, sasa mtihani ndio uendewe peke yako? Nilimwacha dukani kwa Hajji, ameketi kwenye benchi na Biblia yake, kwa sababu alikuwa ameamua kuendelea kufunga mpaka nitoke.

Mlangoni pa chumba cha mtihani kulikuwa na msimamizi, binti wa hapa Mbarara, mpole lakini hana mchezo. Huruhusiwi kuingia na kitu: simu, saa, hata leso. Akaniambia, "Nyabo, toa vitu yote ya mufuko." Nikatoa. Akatazama kiganja changu.

"Hii nini?"

"Maharage."

"Ya kupika?"

"Ya kuhesabu."

"Banange!" akasema, akayahesabu yeye mwenyewe. "Weka hapa kwa sanduku. Utayakuta."

Nilipotoa mkono mfukoni ukiwa mtupu nilihisi kama nimevuliwa viatu. Lakini wanakupa kibao cha plastiki na kalamu ya kufutika. Nikaketi, na kabla ya kugusa chochote nikachora maharage manane, mstari mmoja, nikaandika juu ya kila moja thamani yake. Halafu nikasoma kurasa zote za maelezo, neno kwa neno, mpaka nukta. Hapo ungenipa kumi.

Swali la nne lilikuwa jambo ambalo sijawahi kulisoma popote. Kidole kikasogea. Nakiri, Baba, kilisogea, miaka yako yote ilikuwa ndani ya kidole kile. Nikakizuia. Nikasoma majibu manne, mawili nikaona ni ya uongo, kati ya yale mawili yaliyobaki nikachagua moja, nikabonyeza. Nikasikia sauti ya Byamungu: ilishakufa, njo hii ingine. Sikulifikiria tena.

Katikati likaja la ofisi yenye vifaa kumi na vinne kwa jumla, vyote vinataka anwani, na wanataka fungu dogo kabisa litakalovitosha. Mtu wa haraka angeona fungu la anwani kumi na sita linabana mno, akaogopa, akachukua la thelathini na mbili. Mimi nikatoa njia ya watu, nikatoa mpaka na jirani, zikabaki kumi na nne kamili. Nilicheka kwa sauti. Binti wa mlangoni akanyanyua kichwa.

Nilipojibu la mwisho sikusubiri kurudishwa nyuma. Hapakuwa na kitu nilichokiacha wazi. Kioo kikatulia, kikafikiri, kikaandika neno moja juu ya jina langu, na neno hilo, Baba, ni kwamba nimefaulu.

Nimefaulu. Nimeliandika mara mbili kwa makusudi, usilikate.

Binti alichapa karatasi ya matokeo, akaileta pamoja na maharage yangu. "Nyabo," akasema, "hii maharage yako imefaulu." Nilitaka kumkumbatia nikaona haya. Nilikimbia mpaka dukani. Mama Nyota aliniona nikivuka barabara na hakungoja niseme. Alianza kuimba palepale kwenye benchi, katikati ya wateja, na Mbarara nzima ikajua. Hajji Twaha aliichukua karatasi, akavaa miwani, akaisoma mbele na nyuma, na nyuma hakuna kitu. Kisha akasema "Alhamdulillahi," akanirudishia.

"Kale," akasema, yaani sawa kwa lugha ya huku. "Kazi ni yako. Lakini sasa huyu mama anataka kufa na njaa kwa duka yangu. Peleka yeye kwa hoteli."

Tulikula matoke kwa nyama, Mama Nyota akamaliza sahani mbili. Kabla ya sahani ya kwanza aliomba kwa sauti, muda mrefu, katika hoteli ya Waislamu, akamshukuru Yesu kwa jina la kila chombo cha mtandao alichowahi kunisikia nikikitaja. Hajji, ambaye alikuwa amekuja nyuma yetu, alisema amina mwishoni, pengine kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa.

Jana nilianza kazi. Nyuma ya duka kuna vyumba viwili ambavyo mke wa Hajji amekubali kutupangisha. Byamungu atahamishia boda yake huku mjini tukishavuna. Chumba cha kwanza ni chetu na Tabita. Cha pili kina dirisha linalotazama ua, kuna mwanga wa kutosha kusomea tangu asubuhi, na hakuna ngazi hata moja ya kusumbua goti. Nimeweka meza. Nimeweka kiti chenye mgongo ulionyooka, kwa sababu najua unavyowadharau watu wanaoegemea.

Sasa nisikilize, au kwa kuwa husikii, nisome. Miaka tisa iliyopita, siku tuliyokimbia vita, ulisimama mlangoni pa shule umeshika kengele, ukakataa kuondoka nasi, ukasema mwalimu haendi kabla saa haijafika. Nilikuacha. Nilikimbia na wenzangu, na njia nzima nilikuwa najiambia: huyu namwacha sasa, nitamrudia. Ndivyo ulivyonifundisha, na nilitulia kwa hilo kwa miaka yote, kama nilivyotulia siku ile ya mtihani wa kwanza. Tangu nianguke sijatulia tena. Nimekuwa naogopa, Baba. Naogopa kwamba kuna siku nitamaliza mengine yote, nitabonyeza, na nitaambiwa asante.

Sitaki kuruka tena. Mimi siwezi kuja Baraka. Karatasi zangu za ukimbizi haziniruhusu kurudi, unajua. Lakini wewe unaweza kuja. Shule walishampa mwalimu mwingine kengele, umeniambia mwenyewe. Mama Esta anatoka huko kila mwisho wa mwezi na anaijua njia yote, na amekubali kukushika mkono mipakani na kukusikilizia wanachosema. Uliahidi. Ahadi ni deni, nawe ndiye uliyeniandikisha methali hiyo mara hamsini nilipochelewa.

Nisalimie dada Riziki, mwambie Mungu amlipe kwa kila sahani. Kama anapenda, nyumba yako ibaki mikononi mwake. Nisalimie tante yangu, mdogo wako, yule anayeuza dagaa, mwambie jina la marehemu mama yenu, nililorithi mimi, limepata cheti. Msalimie mchungaji mzee aliyetubatiza, na yule jirani wa mlango wa bluu aliyekuwa akinipigia kelele nisome ndani. Byamungu anakuinamia kwa heshima na anaomba apewe sita. Tabita amechora jua na amesema usilikosoe.

Nilitaka kukuwekea humu nakala ya karatasi ya matokeo. Nimebadili nia. Nimeibandika ukutani, katika chumba chenye dirisha, juu ya meza, usawa wa macho ya mtu aliyeketi. Watu wote wa hapa wanaiamini isipokuwa mimi, kwa sababu sijawahi kufaulu kitu maishani mwangu bila alama yako ya vema pembeni. Nafasi ipo, upande wa kulia, nimeiacha wazi. Kalamu nyekundu zimejaa madukani Mbarara, lakini sinunui hata moja. Njoo na yako.

Mimi mtoto wako unayeniita mama,
Mapendo